Chai Aliyoichagua Mama Yako

Nanjala mwanangu,

Sanduku lako nimeliona mlangoni, limefungwa na kamba yangu ya magunia bila ruhusa, kwa hivyo sasa najua ni kweli unaenda. Habari za sweta, za kuchunga simu na za kutokula vitu vya barabarani, anti yako Rosa ameshakuimbia tangu juzi. Mimi sina la kuongeza hapo.

Saa hii mvua imeshika Kamukuywa yote. Kinu nimekizima, kwa sababu hakuna mtu atabeba mahindi kwa maji kama haya, na wewe umeenda kuaga majirani. Nimekaa juu ya gunia la pumba naandika. Ungependa nikuambie kwa mdomo, najua. Lakini wewe unajua mdomo wangu. Ukishaanza, ukweli unatafuta kiti unakaa nyuma. Kalamu inanipunguza mwendo kidogo.

Umekulia kwangu tangu mama yako atoke Malakisi na wewe ukiwa mgongoni. Umesikia vile nyati alinifukuza kule Endebess nikamshinda mbio, mpaka yeye ndiye akakaa chini ya mti kupumua. Umesikia vile nilisoma hadi darasa la saba tu, na la nane nikalisikiliza kupitia dirisha, na bado mwalimu alikuwa akigeuka kuniuliza kama jibu ni sawa. Hizo zote nilisema na nitazisema tena Mungu akipenda. Hii ya leo haina chumvi, kwa sababu ulikuwepo, na ungenikamata.

Ni ile ya kofia.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaishi na mama yako baada ya kiharusi. Misimu miwili ya mahindi mdomo wake ulikuwa umefungwa, mikono imelala, macho tu ndiyo yanatembea. Tulikuwa tunabahatisha. Unainua kikombe, unainua blanketi, unaangalia macho yake. Mimi nilikuwa najigamba kwa wageni. Nilikuwa nawaambia, Nafula ni dada yangu, tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo, namsoma kama gazeti. Anataka chai, sukari vijiko vitatu. Nami namnywesha, na wageni wanatikisa kichwa wakisema kweli damu ni damu.

Halafu wewe ukaenda Kitale kujifunza hiyo kazi ya kompyuta, ukarudi na habari kwamba kwenye kliniki ya viungo kumekuja watu na kofia ya kusaidia walionyamazishwa na ugonjwa. Nikakubali tumpeleke, na nikuambie ukweli, nilikubali ili nikaone wakishindwa.

Yule kijana Njoroge, mtoto wa wale wenye ng'ombe wa maziwa kule Endebess, alimvalisha mama yako kile kitu taratibu kama mtu anayemvika bibi harusi. Kofia ya kitambaa, vibonye vyake vimepakwa ute baridi, nyaya zikining'inia kama mizizi ya viazi. Mbele yake kioo chenye picha: kikombe, maji, blanketi, choo, dirisha, dawa, sukari, ndiyo, hapana. Picha zinawaka moja moja, haraka. Nilimwambia Njoroge, "Kijana, mimi nimeona mashine nyingi." Sikuwa nimeona hata moja ya namna hiyo.

"Haisomi mawazo, mzee," akaniambia. "Mama anaitazama ile anayoitaka. Ikiwaka, akili yake inashtuka kidogo tu, hata yeye hajui. Kofia inaona huo mshtuko."

Nikasema sawa, kama mtu anayejua. Picha zikawaka, zikawaka. Nikaanza kupiga miayo. Kisha ile mashine ikafungua mdomo ikasema, Chai.

Wewe ulikuwa umesimama pale na mkono mdomoni. Sikuona wengine walifanya nini. Mimi nilivua kofia yangu, hii ya kila siku, nikaishika kifuani kama niko kanisani. Misimu miwili, Nanjala. Maji yalikuwa yamekaa nyuma ya mwamba wakati huo wote, na hicho kitambaa chenye ute kimepata mahali pa kuyatolea.

Mashine ikaongeza: Sukari. Nikamtazama Njoroge, nikamwambia, unaona, si nilisema. Ikaongeza: Hapana.

Ulicheka mpaka ukakaa chini, na haki yako. Misimu miwili nimemnywesha dada yangu sukari asiyoitaka, na wageni wakinisifu. Nilikuwa nalisoma hilo gazeti likiwa juu chini. Nilitoka nje nikasimama penye lile boma la waridi, nikatazama upande wa Mlima Elgon, mawingu yamekaa juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na neno.

Hali hiyo haikukaa sana. Unanijua. Kufika jioni soko lote la Kamukuywa lilikuwa linajua kwamba mimi ndiye nilimshauri Njoroge mahali pa kuweka waya wa tano.

Kwa hivyo hilo lililofuata lilitoka kwa mdomo huu. Kaka yako Masika alisikia, akapanda kuja nyumbani, na maneno yake ya kwanza baada ya salamu yalikuwa ile ekari ya Malakisi. Mama yako aliinunua kwa jasho la tumbaku, majani yakimchoma vidole miaka yote hiyo, na hakuwahi kusema itaenda kwa nani. Masika anaona ni yake kwa sababu ni mwana wa kiume. Watu wengine wananong'ona kwamba mama alikuwa akikutazama wewe kila ikitajwa. Mimi nikasema, kwa sauti, mbele ya watu, "Si sasa anaongea? Tumuulize."

Na usijifanye umesahau picha zilizowekwa. Ya Masika, yako, na yangu. Ndiyo, yangu. Ile ya harusi ya binamu yako, nimevaa tai. Niliiweka mimi mwenyewe, nikasema ni ya kujaza nafasi.

Njoroge hakujua. Tulimwambia mama anataka kuzungumza na watu wake, naye akaacha shughuli zake za Jumamosi akaja na begi la mashine mgongoni. Tukapanga viti kama baraza. Tukamweka mama yako katikati, kofia kichwani, na Masika akauliza swali polepole kama anaongea na mtoto: Mama, shamba la Malakisi ni la nani.

Picha zikawaka. Masika, kikombe, wewe, maji, mimi na tai yangu, blanketi. Tukavuta pumzi. Mashine ikasema, Chai.

Anti yako akataka kwenda kupika. Masika akamkataza, akauliza tena. Chai. Akauliza mara nyingine, sasa sauti imepanda. Chai.

"Hiyo mashine imeharibika bana," Masika akasema.

Njoroge, mtoto wa watu, akaikagua, akasema iko sawa kabisa. Halafu akasema lile neno ambalo bado naliota. Alisema kwa nia nzuri, kama fundi anayependa chombo chake. "Lakini kuna picha moja ya mtu hapa, kila ikiwaka, akili yake inaruka. Hajaichagua, ila inaruka. Niwaonyeshe?"

Nanjala, viti vyote vilisogea mbele. Kila mtu alitaka kusema ndiyo. Mimi nilitaka. Shingo yangu ilikuwa imeshaanza kurefuka kuelekea kwenye kioo.

Nikamtazama mama yako, sijui kwa nini, labda nimshukuru. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ametazama juu, pale paa linapokutana na ukuta, macho wazi, hayapepesi. Uso umekauka kama udongo. Na huo uso niliujua. Niliwahi kuuvaa.

Wewe ni msichana na mambo ya tohara ya wavulana tunayapitisha mbali nanyi, lakini mengine umeyaona kwa macho. Umeona mvulana akitoka mtoni alfajiri amepakwa matope mwili mzima, umati unaimba nyuma yake, anafika uwanjani kwa baba yake, anasimama, anatazama juu. Kisu kinakuja. Haruhusiwi kupepesa. Wazee wanakaa karibu kabisa na uso wake, wanatafuta kope ikitingishika, kidole kikikunjika. Kikikunjika, ukoo wote unabeba hiyo aibu mpaka wajukuu.

Vile nilisimama mimi, unajua. Nimekuambia zaidi ya mahindi niliyosaga. Nilisimama kama mwamba, ngariba mwenyewe akaniuliza kama niko hai. Ndege alitua begani akidhani mimi ni mti. Hiyo ya ndege ni yangu, lakini ya kusimama waulize waliokuwepo.

Sasa sikiliza. Wazee waliangalia uso wangu, na uso wangu niliwapa. Hakuna aliyeuliza ndani kulikuwa na nini. Mila yetu, kali hivyo, inaishia kwenye ngozi. Hofu yako ukiwa nayo ni yako, ilimradi umesimama. Miaka hii yote nilidhani ujasiri ni uso. Siku hiyo ya Jumamosi, nikimwangalia dada yangu, ndipo nikaona kwamba ujasiri unahitaji chumba cha nyuma, mahali mtu anaweza kutetemeka bila kuonekana ili mbele asimame. Ungenivalisha ile kofia siku ile penye matope, na kijana mmoja mwenye adabu aseme, wazee, uso umetulia lakini huku ndani kuna kitu kinaruka, niwaonyeshe? Ningekuwa nani leo? Nani angenisikiliza habari za nyati?

Mama yako alikuwa kasichana kadogo wakati huo. Alikuwa amepanda kwenye ua wa mkonge, nilimwona juu ya vichwa vya watu. Jioni aliniletea uji kibandani, akakaa mbali kidogo kama inavyotakiwa, akaniuliza, "Ulikuwa unawaza nini pale?"

Nikamwambia nilikuwa nawahesabu ng'ombe wa babu.

Akanitazama. Yeye ndiye aliyekuwa akiwachunga hao ng'ombe nami, alijua babu alikuwa ameshawauza wote. Akasema, "Sawa." Akachukua kibuyu chake akaenda. Hakuuliza tena. Hakuniuliza tulipokuwa vijana, hakuniuliza nilipolewa, hakuniuliza hata tulipokuwa tunamzika mama yetu na kila mtu anasema kila kitu. Aliuona uongo wangu umesimama mlangoni akauacha usimame, akajua nyuma yake kuna mtu hajavaa.

Kwa hivyo nikainuka. Ulidhani nimekasirika. Nilimwambia Njoroge, "Mvue kofia."

Masika akasema, mjomba, tumebakisha kidogo tu. Nikamwambia kidogo hicho ndicho cha mwenyewe. Njoroge akamvua. Wewe ulimpangusa mama yako ute kwenye nywele, na hukunitazama. Mimi nilijiona nimefanya jambo kubwa, nikaenda kupika ile chai kwa mkono wangu, bila sukari.

Kumbe sikuwa nimemaliza kitu. Njoroge akifunga begi aliniambia, kwa upole wake, kwamba kila kilichoonekana na kofia kinatumwa Nairobi kikahifadhiwe, mashine ijifunze. Nikamuuliza, hata kile hakuchagua kusema? Akasema hata hicho, mzee. Nikamuuliza kinakaa siku ngapi. Akakuna kichwa. Kijana mkweli.

Hapo nikashangaa upya, mwanangu, na huu mshangao haujanitoka. Nikifikiria kwamba kitu kilichoruka ndani ya kichwa cha Nafula, kitu ambacho mdomo wake haukusema na macho yake yalikataa, kimeondoka hapa Kamukuywa bila miguu, kikapita Webuye, kikapita Eldoret, na sasa kimelala ndani ya chombo mjini. Mimi nimetunga mengi lakini hilo nisingelitunga. Mungu alipotuumba alitupa mlango mmoja usio na tundu la ufunguo. Watu wamekaa chini wakatengeneza tundu, na kupitia hilo tundu dada yangu aliomba chai. Sitasema walikosea. Ningekuwa mchawi kusema hivyo. Lakini mlango sasa una tundu, na wewe kesho unaenda Nairobi kufanya kazi kwa wenye ufunguo, hao hao wa kofia.

Ndiyo maana naandika. Juzi ulikuwa nyuma ya kinu ukiongea na Masika kwa simu. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nafunga mkanda wa injini, ila mkanda ulichukua muda mrefu. Nilikusikia ukimwambia, "Nikifika nitaangalia." Na nikasikia sauti yako ilivyokuwa. Haikuwa ya mtu anayemsaidia kaka yake tu. Ilikuwa ya mtu ambaye naye anataka kujua.

Sikulaumu hata kidogo. Nani hangetaka? Pengine ni picha yako iliyomfanya aruke. Ungeishi maisha yako yote ukijua kwamba mama yako alikuchagua. Pengine ni ya Masika, na ungeacha kungoja. Pengine ni yangu na ile tai, na hapo ndipo mimi ningekuwa mtu wa kufa kwa furaha. Au aliruka kwa hasira, au kwa huruma, au kwa sababu tai yangu ilikuwa imekaa vibaya. Njoroge mwenyewe alisema kofia inaona mshtuko, haioni maana yake. Mngechukua kuruka kwa moyo wa mtu mkakuita wosia.

Nikuambie kitu cha kazi yangu. Kwa hiki kinu changu wamepita watu wote wa hapa. Najua nyumba iliyokuja na gunia na iliyokuja na kikombe cha mahindi kimefichwa ndani ya debe ili sauti iwe ya debe. Najua nani aliishiwa mwezi ule wa njaa uliozaa jina lako. Umewahi kunisikia nikisema? Mimi huyu, ambaye nimesema mpaka ndege wa begani? Baba yangu alinifundisha hivi: mahindi ya mtu yakiingia kwenye mdomo wa kinu, mdomo wako unafungwa. Hakunieleza sababu. Watu wananiletea kwa sababu wanajua nitaona na sitaona. Hiyo ndiyo kazi ninayokuachia, kwa sababu nyati huwezi kumrithi. Utaona vichwa vya watu wengi huko. Ona, kisha usione.

Na cha mama yako usikifungue. Ukifika ukaona jina lake kwenye kioo, lipite kama unavyopita mlango wa mtu anayeoga. Masika akipiga simu, mwambie mjomba amekataa, niko tayari kubeba hiyo, mgongo wangu umebeba trekta. Na kama huko kuna kibonye cha kufuta, usikibonyeze wewe. Ukirudi Desemba tutamwita Njoroge, tutamvika mama yako ile kofia akikubali kwa macho, tutaweka picha mbili tu, ndiyo na hapana, na tutamuuliza: hicho kilichobaki Nairobi, kifutwe? Atakachosema ndicho utakachowaambia. Shamba ni lake. Hata kushtuka kwake ni kwake.

Nimesimama kidogo nikaenda kumwona, kabla sijamaliza hii. Mvua inapiga bati, hatusikii hata tukitaka. Nilikaa kando ya kitanda na kikombe. Nilitamani kumwambia ile ya siku ya matope, nilichokuwa nawaza kweli penye lile kundi la watu. Amengoja karibu miaka arobaini, na sasa hawezi kumwambia mtu, kwa hivyo ningekuwa salama. Mdomo ulifunguka. Kisha akanitazama kwa yale macho, na nikaona kwamba hangoji. Aliiacha siku ile ile aliyochukua kibuyu. Basi tukanywa chai.

Wewe pia sitakuambia. Katika yote niliyonayo, hilo tu ndilo sijawahi kuliongezea chumvi.

Kesho asubuhi kabla ya kutoka, ingia kwake peke yako. Mimi nitakuwa nje nafunga sanduku vizuri, kwa sababu hiyo kamba umeifunga vibaya. Kaa mbele yake apate kukuona uso. Usimwulize kitu. Akikutazama, mpokee tu, na kile utakachokiona machoni mwake kichukue uende nacho Nairobi. Hicho amekupa mwenyewe.

Ni mimi khocha, mjomba wako,
Simiyu, mwenye kinu